Kubadilisha kioo cha laptopu hakuhitaji nywila yako

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie mazoea ya mezani kwetu sisi mafundi wa kompyuta, mazoea ambayo wateja wameshayapokea kana kwamba ndiyo utaratibu. Mtu analeta laptopu iliyopasuka kioo. Fundi anakata kipande cha karatasi, anaandika jina, namba ya simu na nywila, anakibandika juu ya kava kwa selotepu, kisha mashine inapangwa kwenye rundo pamoja na nyingine. Kila anayepita hapo anaweza kuisoma. Na nyuma ya nywila hiyo kuna nakala ya kitambulisho cha NIDA, mkataba wa kiwanja, majibu ya vipimo vya hospitali, picha za watoto, barua pepe iliyoachwa wazi, na mara nyingi nywila za benki zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Matengenezo mengi ya kompyuta hayagusi diski, yaani sehemu inayohifadhi mafaili yako. Kama kazi haiigusi diski, diski haina sababu ya kwenda kwa fundi, na nywila haina sababu ya kutajwa.

Kioo, kibodi, betri, feni, bawaba, tundu la chaja, spika: vyote hivyo vinabadilishwa na kujaribiwa bila kuingia kwenye akaunti ya mtu. Kama kioo kipya kinafanya kazi, utajua mara tu mashine ikiwaka na kuonyesha ukurasa wa BIOS, programu ya msingi inayowaka kabla ya Windows. HP wana vipimo vyao ndani ya mashine (bonyeza Esc mara tu inapowaka, kisha F2), na Dell wanavyo kwenye menyu ya F12. Kwa vile ambavyo BIOS haivijaribu vizuri, kama kamera, Wi-Fi na sauti, fundi aliyejipanga ana flashi ya GB 8 yenye Linux (mfumo endeshi mwingine badala ya Windows) inayowaka moja kwa moja bila kugusa diski ya mteja. Kwa hiyo fundi akikuambia "nipe nywila nijaribu", muulize anataka kujaribu nini. Jibu la maana lipo kwa kazi chache tu.

Sisemi haya kwa kuwashuku wenzangu. Mafundi walio wengi wanafanya kazi zao kwa uaminifu. Lakini matokeo ya utafiti yaliyotolewa mwaka 2022 na Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, hayafai kupuuzwa. Watafiti walipeleka laptopu kwenye maduka 16 ya matengenezo zikiwa na hitilafu ndogo tu ya sauti, na ndani yake waliweka njia ya siri ya kurekodi kila kinachofunguliwa. Katika maduka sita kumbukumbu zilionyesha kuwa mafundi walifungua mafaili binafsi, na katika mawili kati ya hayo mafaili yalinakiliwa na kutolewa nje. Kanada wana sheria, risiti na kamera dukani. Sioni sababu ya kuamini kwamba kwetu hali ni bora zaidi.

Wengi wanadhani nywila ya Windows inawalinda. Haiwalindi. Diski ambayo haijasimbwa (yaani data yake haijafungwa kwa ufunguo wa siri) ikichomolewa na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine kwa kikasha cha USB, mafaili yote yanafunguka bila kuulizwa neno lolote. Ni kazi ya dakika tano, na hata hiyo flashi ya Linux niliyoitaja inatosha kuifanya. Nywila inazuia anayekaa mbele ya kibodi, haimzuii aliyeshika bisibisi.

Ndiyo maana njia ya uhakika ni kuitoa diski kabla laptopu haijaondoka nyumbani, au umwambie fundi aitoe mbele yako na akukabidhi. Kwa mashine nyingi za HP, Dell na Lenovo zinazouzwa hapa zikiwa zimetumika Ulaya au Dubai, si kazi ngumu. Kama bado ipo ndani ya waranti, soma masharti kwanza.

Izime kabisa. Windows ya siku hizi ukiibonyeza izime huwa inalala nusu, kwa hiyo shikilia kitufe cha Shift wakati unachagua kuzima. Chomoa chaja. Tumia bisibisi ya nyota namba 0. Namba 1 huwa nene na inakula vichwa vya skrubu ndogo. Skrubu nyingine zimefichwa chini ya miguu ya mpira, hasa kwenye HP. Chora umbo la kava kwenye karatasi na kila skrubu uiweke kwenye nafasi yake, maana hazilingani urefu: ndefu ikikazwa kwenye tundu la fupi hutoboa plastiki ya juu au huharibu mazabodi (ubao mkuu wa saketi). Kava lifungue kwa kadi ya zamani ya plastiki ukizunguka pembeni. Kisu kinakata nyaya. Likishafunguka, jambo la kwanza ni kuchomoa waya wa betri kwenye mazabodi, kabla hujagusa kingine chochote. Gusa chuma kikubwa kilicho karibu ili umeme tuli wa mwilini uondoke.

Diski utaikuta katika umbo moja kati ya mawili. La zamani ni kisanduku bapa cha inchi 2.5, kina kama milimita 7, kimefungwa kwenye fremu ya chuma. Fungua skrubu za fremu, kisukume kitoke kwenye mdomo wake, usikiinue kwa nguvu. La kisasa ni kibamba chembamba, upana milimita 22 na urefu mara nyingi 80, kimeshikwa na skrubu moja tu mwishoni. Ukiitoa hiyo skrubu kibamba kinajiinua chenyewe kwa mshazari. Kivute kwa mwelekeo huo huo. Skrubu irudishe kwenye tundu lake palepale, ni ndogo mno na ndiyo inayopotea kuliko zote. Diski ifunge kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, ule wa rangi ya fedha unaokuja na vipuri vipya. Kama huna, karatasi ya kawaida na kijisanduku kigumu vinatosha. Usitumie mfuko wa nailoni.

Mashine ikiwashwa bila diski itaandika kwamba haijaona kifaa cha kuwashia. Hiyo si hitilafu, na fundi anaijua. Kama kweli anahitaji Windows ili ajaribu kitu, nunua SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka) ndogo ya GB 120 ya kutumia wakati wa matengenezo tu. Afungie hiyo, aweke Windows tupu, ajaribu anavyotaka. Kwa ofisi yenye mashine kumi au ishirini, diski moja ya namna hiyo inakidhi mahitaji ya zote.

Zipo mashine ambazo diski haitoki. Laptopu za bei nafuu zenye hifadhi ya GB 32 au 64 kwa kawaida chipu yake imechomelewa kwenye mazabodi. MacBook za miaka ya karibuni nazo ni hivyo, na zile za kuanzia 2018 zenye chipu ya T2, pamoja na zote zenye chipu za Apple zilizoanza kutoka Novemba 2020, zina ufunguo wa kusimbua uliofungwa ndani ya chipu yenyewe. Mazabodi ikifa, data imekufa nayo. Hakuna kuhamisha diski, hakuna kikasha cha USB. Mwenye MacBook asiye na bakapu (nakala ya akiba), kama ile ya Time Machine, ajue hana njia nyingine. Na FileVault, kinga ya Apple ya kusimba diski, aiwashe leo, asisubiri mashine iharibike.

Hapo ndipo tunafika kwenye kusimba diski, na ndipo palipo na hasara nyingi kuliko wizi wenyewe. Windows Pro ina BitLocker, programu ya kusimba diski. Windows Home kwenye mashine nyingi ina kitu hicho hicho kwa jina la "Device encryption", ndani ya mipangilio ya faragha na usalama. Ikiwashwa, diski ikichomolewa haisomeki popote. Ni kinga nzuri kabisa. Lakini ufunguo wake unatunzwa na chipu ya usalama iliyo kwenye mazabodi, kwa hiyo mazabodi ikibadilishwa, na wakati mwingine hata BIOS ikisasishwa, mashine itawaka na kuonyesha ukurasa wa buluu unaodai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Ukiukosa, hakuna fundi, wa hapa au wa nje, atakayekufungulia. Atakayekuahidi kufungua anataka kufomati.

Wengi hawajui kama diski zao zimesimbwa. Kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka 2024, mashine zenye vigezo zinaposakinishwa upya kwa akaunti ya Microsoft hujisimba zenyewe kimyakimya. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -status, utaona hali ya kila diski. Kisha andika manage-bde -protectors -get C: na ufunguo wa tarakimu 48 utatokea. Unakili kwa mkono kwenye daftari, uhakiki tarakimu moja moja, utunze mbali na mashine. Unaweza pia kuukuta kwenye akaunti yako ya Microsoft, ukurasa wa account.microsoft.com/devices/recoverykey. Tatizo la hapa kwetu ni kwamba mara nyingi aliyeiandaa laptopu ikiwa mpya ni muuzaji, naye alitumia barua pepe yake ili amalize haraka. Ufunguo wa diski yako basi unakaa kwenye akaunti ya mtu usiyemjua. Liangalie hilo wakati mashine bado ni nzima.

Tena, usikubali BitLocker isitishwe kwa muda halafu uiache laptopu dukani. Ikisitishwa, ufunguo unaandikwa wazi kwenye diski, na anayeishika diski anaisoma kama haikusimbwa kabisa. Mazabodi ikibadilishwa, nenda na daftari lako siku ya kuchukua, ziandike zile tarakimu wewe mwenyewe, kisha usimbaji uendelee.

Bakapu ifanyike kabla ya yote, hata kwa kazi ndogo kama ya betri, kwa sababu waya ukigusana pasipostahili diski inaweza kuungua. Diski ya nje ifomatiwe kwa exFAT. FAT32 haipokei faili lolote linalofikia GB 4, na watu hugundua baadaye kuwa video za harusi hazikunakiliwa. Kwenye USB 2.0 tegemea kama MB 30 kwa sekunde, maana yake GB 200 zitachukua karibu saa mbili. Kwenye tundu la USB 3.0 diski ya kawaida inafika MB 100 hivi na muda unapungua hadi nusu saa na kidogo, ingawa mafaili madogo madogo hurefusha kazi. Jihadhari na flashi za bei ya kutupa zilizoandikwa TB 1 au TB 2. Nyingi ni chipu ndogo iliyodanganywa ionyeshe ukubwa usiokuwepo: inapokea mafaili, inaonyesha majina yake, lakini ndani hamna kitu. Programu ya H2testw huijaza flashi yote kisha ikaisoma upya, na uongo unajulikana.

Kinachosahaulika kunakiliwa ni kile kisichokaa kwenye folda ya nyaraka: mafaili ya programu ya uhasibu, barua za Outlook, yaliyotapakaa kwenye Desktop. Ukimaliza, chomeka bakapu kwenye kompyuta nyingine ufungue mafaili kadhaa ya aina tofauti. Kuona majina tu hakutoshi.

Kama hitilafu ni ya diski yenyewe, mambo hubadilika. Diski ya sahani inayogonga kwa mlio wa kurudiarudia izimwe mara hiyo hiyo. Kichwa chake cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache. Kikishaanza kugusa, kila dakika ya kuzunguka inakwangua data. Usiendeshe chkdsk /r (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski) kwenye diski inayokufa, maana inailazimisha isome na kuandika kila kona huku ikizidi kuharibika. Usiifungue nyumbani, na usiiweke kwenye friji. Kama haigongi ila imekuwa nzito, angalia kwa CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski: vipengele 05, C5 na C6, vinavyohesabu sehemu mbovu, vikiwa na thamani ghafi zaidi ya sifuri na zinazopanda, nunua diski nyingine ya ukubwa ule ule au zaidi, kisha unakili diski nzima kwa programu ya ddrescue ukiwa kwenye Linux. Inachukua kwanza sehemu zisizo na kasoro na kuzirudia mbovu mwishoni, na ukiipa faili la kumbukumbu inaweza kuendelea pale ilipokatikia. SSD yenyewe haina mlio wa kuonya; inaweza kutoweka asubuhi moja bila dalili yoyote.

Diski ya zamani idai urudishiwe. Ni yako, hata kama umeshalipia mpya. Fundi anayeibakiza "kama spea" anabaki na kila ulichowahi kuhifadhi, kwa sababu kufomati haraka kwa diski ya sahani kunafuta orodha tu, siyo mafaili.

Laptopu iliyomwagikiwa chai au maji isiwashwe kuona kama inawaka. Chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, igeuze juu chini, na upesi iwezekanavyo ichomolewe betri na diski. Mchele hausaidii chochote. Diski kwa kawaida inanusurika hata mazabodi ikifa.

Ipo kazi inayohitaji kweli kuingia ndani: Windows inayojizima, programu inayogoma. Kaa pale ukiweza, andika nywila mwenyewe. Ukishindwa, fungua akaunti ya pili ya kawaida isiyo na mamlaka ya msimamizi, mpe hiyo, na akaunti yako itoke kabisa, isibaki imefungwa tu kwa juu. Ikilazimu apewe mamlaka ya msimamizi, hamisha data kwanza. Kabla ya hapo toa akaunti zako kwenye kivinjari pamoja na nywila zilizohifadhiwa, na kwenye simu ingia WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uiondoe kompyuta hiyo. Barua pepe ndiyo ya kuilinda zaidi ya vyote, maana aliyeingia humo anabadilisha nywila za huduma nyingine zote. Kama ni "kupiga Windows" upya, diski ipelekwe tupu, data ikiwa imeshatolewa na diski kusafishwa kwa chaguo la kufuta kila kitu pamoja na kusafisha hifadhi. Kwa diski ya sahani ya GB 500 acha saa kadhaa.

Ukiichukua mashine, usiondoke dukani kabla ya kuangalia. Kabla ya kuipeleka ulipaswa kuwa umeandika namba za diski na kiasi cha RAM; kwenye PowerShell, amri ya Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName, SerialNumber inatoa namba ya diski. Zilinganishe. Tazama kama kumebaki AnyDesk au TeamViewer (programu za kuiendesha kompyuta ukiwa mbali), kama kuna mtumiaji mpya usiyemjua, na kama kinga ya virusi ya Windows imezimwa au imeambiwa iruke folda fulani. Hili la mwisho hutokea sana pale fundi alipoweka Windows isiyo na leseni, kwa sababu programu nyingi za kukwepa leseni hazifanyi kazi mpaka kinga izimwe, na mlango huo ukiachwa wazi atakayeingia si lazima awe fundi. Nywila zibadilishe kwa kutumia simu kwanza, siyo kwa mashine iliyotoka kutengenezwa.

Kwa ofisi, suala hili limeshavuka uangalifu wa mtu binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde. Zahanati inayompa mhudumu laptopu ya mapokezi aipeleke mtaani kubadilishiwa kibodi, ikiwa na majina na magonjwa ya watu, inatoa taarifa za wagonjwa ambao hawakuulizwa. Vivyo hivyo SACCOS, shule na ofisi ya wakili. Fundi naye akumbuke kuwa kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kupewa laptopu ubadilishe kioo si idhini ya kufungua picha.

Wamiliki wa maduka ya matengenezo nawaomba jambo lisilo na gharama: risiti iwe na mistari mingine minne. Namba ya mashine. Namba ya diski, au neno "imekuja bila diski". Kiasi cha RAM. Na vipuri vya zamani vimerudishwa au la. Nywila isiandikwe popote. Risiti hiyo inamlinda fundi kuliko hata mteja, kwa sababu picha zikivuja kutoka kwingine, wa kwanza kutuhumiwa ni aliyeishika mashine mara ya mwisho. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikitoa mwongozo wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili unaoweza kubandikwa ukutani dukani, nasi mafundi tutaubandika. Na vyuo vinavyofundisha ufundi huu, VETA ikiwemo, vimtake mwanafunzi kwenye mtihani wa vitendo abadilishe kioo na kukijaribu bila kuomba nywila.

Fundi wa kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam